Sensa Haina Kosa Hadi Ipimwe

Mwenye gari anayeambiwa "sensa ya kranki imekufa" mara nyingi hutoa hela ya spea papo hapo. Sensa mpya hufungwa, taa ya injini hufutwa kwa mashine, gari huondoka. Kwa baadhi ya magari mambo huishia hapo na fundi hupata sifa. Kwa mengine, siku chache baadaye gari huzima tena kwenye foleni, jua likiwa kali, na taa ileile hurudi kwenye dashibodi. Hapo maelezo hubadilika: sensa ile ilikuwa feki, inunuliwe nyingine; au kontroboksi imeungua; au nyaya zote zimechoka. Kila maelezo huja na bei yake, na gari bado halijapimwa.

Uchambuzi huu unauliza swali moja: fundi awe ameona nini, na amepima nini, kabla ya kuihukumu sensa ya kranki au ya kamshafti? Msimamo wangu ni kwamba namba ya hitilafu inayosomwa na mashine hutaja njia ambayo taarifa imepotelea, wala haitaji kilichoharibika. Kutoka kwenye namba hadi kwenye kilichoharibika kuna kazi ya kupima. Kazi hiyo ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayostahili kulipwa kwanza.

Kwa nini sensa ziwe mbili

Injini ya mapigo manne hukamilisha kazi yake, yaani kuvuta hewa, kuibana, kulipua na kutoa moshi, kranki inapozunguka mara mbili, sawa na nyuzi 720. Katika muda huohuo kamshafti, inayofungua valvu, huzunguka mara moja tu. Sensa ya kranki huiambia kompyuta pistoni zimefika wapi na injini inakwenda kasi gani. Lakini pistoni ya kwanza hufika juu mara mbili katika nyuzi hizo 720: mara moja ikiwa imebana hewa na mafuta tayari kwa cheche, mara nyingine ikiwa inasukuma moshi nje. Kranki peke yake haiwezi kutofautisha safari hizo mbili. Kamshafti inaweza, na sensa yake ipo kwa ajili hiyo.

Tuchukue injini ya Toyota 1NZ-FE ya lita 1.5, iliyomo kwenye IST na Probox nyingi za barabara zetu. Karibu na puli ya kranki kuna gurudumu lenye nafasi za meno 36, lakini meno mawili yameachwa makusudi, yakabaki 34. Kila nafasi ni nyuzi 10, na lile pengo ndilo alama: kila linapopita mbele ya sensa, kompyuta hujua kranki imefika wapi. Kwenye kamshafti ya valvu za kuingiza hewa kuna meno matatu tu, kwa sababu kazi yake ni kutambulisha silinda, si kuhesabu nyuzi. Magari mengi ya Ulaya hutumia gurudumu la nafasi 60 lenye meno 58. Kanuni ni ileile.

Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, hiyo ni mara 50 kwa sekunde, na sensa ya kranki ya 1NZ-FE hupitiwa na meno 1,700 kila sekunde. Kompyuta hupanga kila cheche na kila tone la mafuta kwa kufuata hesabu hiyo. Ndiyo maana pini moja iliyolegea kwenye soketi inaweza kuzima injini ambayo pistoni, valvu na plagi zake zote ni nzima.

Aina mbili, vipimo viwili

Asiyejua aina ya sensa aliyoishika hawezi kuipima. Aina ya kwanza ni ya koili: waya mwembamba wa shaba uliozungushwa kwenye sumaku. Jino la chuma likipita karibu, nguvu ya sumaku hubadilika na koili huzalisha umeme wake yenyewe. Sensa hii huwa na nyaya mbili, na mara nyingine waya wa tatu wa kukinga taarifa isivurugwe na umeme wa vifaa vingine. Umeme wake ni wa AC, yaani unaobadilisha mwelekeo, na hupanda kadiri injini inavyoongeza kasi.

Aina ya pili ni ya Hall, na zipo nyingine za sumaku zinazofanana nayo kwa nyaya. Hii haizalishi umeme, inapewa. Ina nyaya tatu: wa kwanza huleta volti 5 au 12, wa pili ni hasi, na wa tatu hurudisha taarifa kwa kompyuta. Taarifa yake huruka kati ya juu na chini, na ukubwa wake haubadiliki injini iende taratibu au kasi.

Tofauti hizi zina uzito mkubwa gereji. Kwanza, kupima ukinzani, yaani omu, kuna maana kwa sensa ya koili tu. Anayeweka mita ya omu kwenye sensa ya Hall atapata namba, lakini namba hiyo haimwambii kama sensa ni nzima au mbovu. Pili, sensa ya koili hutegemea kasi, na starta huzungusha injini kwa takriban mizunguko 200 tu kwa dakika. Betri ikiwa dhaifu mzunguko unapungua, umeme wa sensa unashuka, na kompyuta inaweza kukosa taarifa ya kutosha ilhali sensa ni nzima. Kwa hiyo betri na starta hupimwa kabla ya sensa. Tatu, nyaya mbili za sensa ya koili zikibadilishana nafasi wakati wa kuunga soketi mpya, umbo la taarifa linageuka, na kompyuta inasoma pengo la meno mahali pasipo pake. Gari lililotengenezwa hivyo linaweza kukataa kuwaka kabisa.

Dalili, na zinazofanana nazo

Sensa ya kranki ikikosa kutoa taarifa, dalili iliyo wazi kuliko zote ni starta kuzungusha injini bila injini kuwaka. Kompyuta haioni mzunguko wowote, kwa hiyo haipigi cheche na haifungui nozeli. Katika magari mengi, ikiwemo mengi ya Toyota, inakata pia umeme wa pampu ya mafuta, kwa sababu imepangwa isisukume mafuta injini ikiwa imesimama. Hapo ndipo wengi hupotea. Fundi anasikiliza tangi, pampu kimya, anahukumu pampu. Pampu mpya inafungwa nayo inakaa kimya vilevile, kwa kuwa anayeiamuru bado hajapata taarifa ya kranki.

Dalili ya pili ni gari kuzima likipata moto na kuwaka likipoa. Koili yenye ufa mdogo au lehemu iliyopasuka ndani ya sensa hushikana ikiwa baridi na kuachana ikipanuka kwa joto. Joto la chini ya boneti hupanda zaidi gari likiwa limesimama kuliko likiwa linakwenda, kwa sababu hakuna upepo unaopita. Tena hupanda kwa muda hata baada ya injini kuzimwa, maji ya rejeta yanapoacha kuzunguka. Kwa hiyo foleni ya mchana na kusimama kidogo dukani ndizo nyakati zinazoifichua. Tatizo ni kwamba pampu ya mafuta iliyochoka na koili ya plagi iliyochoka nazo huzima gari kwa joto na kulirudisha likipoa. Dalili moja ina watuhumiwa watatu.

Sensa ya kamshafti huonyesha ubovu kwa namna nyingine. Injini nyingi zitawaka, lakini baada ya starta kuzungusha muda mrefu kuliko kawaida, kompyuta ikijaribu kubahatisha ni silinda ipi iliyo zamu. Gari hukosa nguvu, hula mafuta, na mfumo wa kubadilisha wakati wa valvu huzimwa kwa usalama. Injini nyingine hukataa kuwaka kabisa. Dizeli za kisasa zinazotumia komoni reli hutegemea sensa hizi vilevile. Dizeli za zamani zenye pampu ya kimakanika hazizihitaji ili kuwaka.

Kipimo kimoja hupunguza watuhumiwa kwa haraka kuliko vyote, na hakihitaji kufungua nati hata moja. Mashine ikiwa imechomekwa, fungua ukurasa wa taarifa za papo kwa papo, tazama RPM, yaani mizunguko ya injini kwa dakika, kisha mwambie mtu azungushe starta. RPM ikibaki sifuri huku injini inazunguka, taarifa ya kranki haifiki kwenye kompyuta, na msako uelekee kwenye sensa, gurudumu lake na nyaya zake. Ikisoma 150 au 200 kwa utulivu, taarifa inafika, na fundi aelekeze macho kwenye mafuta, cheche au mfumo wa kuzuia wizi. Kwa gari linalozima kwa joto, kipimo hiki kifanyike pale pale lilipozima, kabla halijapoa. Ukisubiri lipoe ndipo ulipeleke gereji, ushahidi wote umepotea njiani.

Namba zinasema nini

Mfumo wa OBD-II, ambao gari hujikagua na kutoa namba za hitilafu, ulilazimishwa Marekani kwa magari ya mwaka wa modeli 1996, na Umoja wa Ulaya ukafuata kwa magari mapya ya petroli mwaka 2001. Ndiyo maana namba nyingi ni zilezile kwa kampuni tofauti. Zinazohusu sensa hizi zigawanywe katika makundi matatu, kwa kuwa kila kundi lina njia yake ya kufuatilia.

Kundi la kwanza ni la mzunguko wa umeme: P0335 kwa kranki na P0340 kwa kamshafti. Kompyuta inasema haipati taarifa. Sensa, soketi, waya, umeme wa kuingia na hasi, vyote ni watuhumiwa sawa. Kundi la pili ni la ubora wa taarifa: P0336 na P0341, pamoja na P0339 ya taarifa inayokatika na kurudi. Hapa kitu kinafika lakini kina kasoro, na watuhumiwa ni jino lililopinda, vipande vya chuma vilivyonaswa na sumaku, sensa isiyokaa vizuri kwenye nafasi yake, au waya unaogusa mahali.

Kundi la tatu ni la kutokubaliana, na namba yake maarufu ni P0016. Kompyuta inapata taarifa zote mbili zikiwa safi, lakini kamshafti haipo pale inapotarajiwa ikilinganishwa na kranki. Katika hali nyingi sensa zote mbili zinasema kweli. Cheni ya taimingi imelegea, au mkanda umeruka jino, au kifaa cha kubadilisha wakati wa valvu kimekwama kwa tope la oili iliyokaa muda mrefu bila kumwagwa. Kubadilisha sensa kwa namba hii ni kupoteza hela, na hatari yake ni kubwa zaidi ya hela: katika injini nyingi, cheni ikiendelea kulegea hadi iruke, pistoni zitagonga valvu na injini itafunguliwa yote. Mwenye gari aliyesomewa P0016 aulize habari za oili na cheni kabla hajauliza bei ya sensa.

Kompyuta nyingi za magari huhifadhi pia hali ya injini wakati namba iliporekodiwa: joto la maji, kasi ya gari, mzunguko wa injini. Maji yakiwa nyuzi 96 na kasi sifuri, tayari kuna dokezo la joto na foleni. Anayefuta namba kabla ya kusoma taarifa hizi amefuta nusu ya kazi yake.

Mpangilio wa kupima

Kupima huanza kwa macho. Sensa ya kranki ya 1NZ-FE iko karibu na puli, mahali ambapo sili ikivuja oili hushuka moja kwa moja. Oili hulainisha plastiki ya soketi na kuingia kwenye pini. Fundi achomoe soketi, aangalie kutu na pini zilizotanuka, kisha afuate waya kwa urefu wake wote akitafuta palipoungwa kwa tepu, palipogusa bomba la ekzosi, palipobanwa na bolti. Waya ulioungwa siku ya kufunga alamu au kifaa cha kufuatilia gari uangaliwe mara mbili. Injini ikiwa inawaka, atikise waya na soketi kwa mkono, akae mbali na mikanda. Injini ikishtuka, amepata eneo.

Hatua ya pili ni soketi upande wa gari, swichi ikiwa imewashwa na sensa imechomolewa. Kwa sensa ya nyaya tatu, pawe na volti 5 au 12 kwenye waya wa umeme, na hasi iwe hasi kweli, tofauti yake na hasi ya betri isizidi sehemu ya kumi ya volti. Kwenye waya wa taarifa, magari mengi huonyesha volti 5 zinazotoka kwenye kompyuta. Kimojawapo kikikosekana, sensa haina la kujibu: shida iko kwenye nyaya, fyuzi au kompyuta.

Hatua ya tatu ni sensa yenyewe. Ya koili hupimwa omu, ikilinganishwa na kitabu cha gari husika, kwa sababu sensa moja huruhusiwa mia kadhaa na nyingine zaidi ya 2,000. Joto nalo lihesabiwe. Ukinzani wa shaba huongezeka kwa takriban asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Koili iliyosoma omu 2,000 asubuhi kwenye nyuzi 25 itasoma karibu 2,600 ikifika nyuzi 105. Huo si ubovu. Ubovu ni mita kuruka ghafla hadi kuonyesha waya umekatika. Ili kuufichua, sensa ipashwe moto polepole kwa draya ya nywele huku mita ikiwa imeshikwa. Na gari linapozima barabarani, kitambaa chenye maji kikiwekwa juu ya sensa kwa uangalifu na gari likawaka mara moja, ushahidi dhidi ya sensa au soketi yake umeongezeka sana.

Lakini sensa inaweza kusoma omu sahihi na bado isitoe taarifa nzuri. Hatua ya nne kwa hiyo ni kupima taarifa yenyewe injini ikizungushwa. Mita ya kawaida ikiwekwa AC itaonyesha kama sensa ya koili inatoa kitu. Mara nyingi ni nusu volti au zaidi starta ikiwa na nguvu. Osiloskopu, kifaa kinachochora taarifa ya umeme kama mstari, huonyesha zaidi: meno yote kwa mfuatano, pengo lake, na jino lililovunjika likiwa fupi kuliko wenzake katika kila mzunguko, jambo ambalo mita haiwezi kulionyesha. Ikiweka mstari wa kranki na wa kamshafti pamoja, huonyesha pia kama cheni imeruka, bila kufungua kava. Osiloskopu ndogo za mkononi si vifaa vya maabara tena, na gereji yenye wateja wa kudumu ingefaa iwe nayo moja.

Mwisho ni nafasi kati ya sensa na meno, ambayo kwa kawaida ni karibu milimita moja. Uchafu chini ya kitako cha sensa, bolti isiyokazwa au sensa isiyo ya modeli hiyo hubadilisha nafasi hiyo na kudhoofisha taarifa.

Spea, na gharama ya kukisia

Wapo watakaosema sensa ya 1NZ-FE inafikika kirahisi na bei yake inavumilika, kwa hiyo kuibadilisha ndicho kipimo chenyewe. Hoja hii ina ukweli ndani yake. Kufunga sensa inayojulikana kuwa nzima, iliyotolewa kwenye gari linalofanya kazi, ni kipimo halali. Sensa kutoka dukani ni jambo lingine. Katika masoko yetu ya spea, iwe Gerezani jijini Dar es Salaam, Kirinyaga Road jijini Nairobi au Kisekka jijini Kampala, hupatikana orijino mpya, zilizotumika kutoka Japani, na za bei rahisi zenye maboksi yanayofanana na ya orijino. Sensa duni inaweza kuwa na sumaku dhaifu au urefu usio sahihi kwa milimita moja, ikafanya kazi asubuhi na kukata taarifa mchana. Fundi aliyeifunga bila kupima sasa ana matatizo mawili badala ya moja, na hajui lipi ni lipi. Sensa ya mtumba si lazima iwe mbaya. Ipimwe tu kabla ya kufungwa, baridi na ikiwa ya moto.

Zipo pia injini ambazo sensa yake imejificha nyuma, karibu na gia boksi au chini ya manifodi, na kuifikia ni kazi ya nusu siku. Na baadhi ya magari, kama ya Honda na General Motors, huhitaji kompyuta ijifunze upya mzunguko wa kranki baada ya kazi hiyo kwa kutumia mashine inayofaa. Huko kukisia hakuna unafuu wowote.

Chanzo cha desturi hii kiko kwenye namna tunavyolipa. Mteja huona spea mkononi na kukubali bei yake; saa nzima ya fundi akiwa na mita na mchoro wa nyaya huonekana kama muda wa bure. Fundi anayepima na kugundua pini iliyolegea anapata hela kidogo kuliko anayeuza sensa isiyohitajika. Utaratibu huo unamwadhibu fundi mzuri. Na gharama yake haiishii mfukoni, kwa sababu gari linalozima ghafla huku lori likiwa nyuma yake, usukani ukiwa mzito na breki zikipoteza msaada, linaweka maisha ya watu hatarini.

Kwa hiyo mwenye gari aulize mambo matatu kabla ya kutoa hela ya sensa: namba iliyosomwa ni ipi na ilirekodiwa injini ikiwa katika hali gani, RPM ilisoma ngapi starta ilipozungushwa, na volti zilizopatikana kwenye soketi ni ngapi. Fundi mwenye majibu hayo alipwe kwa kuyapata, hata kama mwishowe hakuna spea iliyonunuliwa. Vyuo vya ufundi navyo vifundishe kupima taarifa kwa uzito uleule vinavyofundisha kufungua injini. Bei ya saa ya kupima ikikubalika kama inavyokubalika bei ya spea, fundi hatakuwa na sababu ya kuuza sensa asiyoipima.